Nimeweka ukurasa wa sentimita 14 kwa 20, kitabu kimetoka na maandishi yaliyosinyaa: kosa ni la Word, la printa au la mchapaji?

1. Mhariri_wa_Kwaya

Hamjambo wanajukwaa. Mimi ni katibu wa kwaya ya kanisa moja upande wa Donholm, Nairobi, na nilikabidhiwa kazi ya kupanga kitabu kidogo cha nyimbo chenye kurasa 64. Tulikuwa na majalada 120 ya plastiki yaliyobaki kutoka kitabu cha zamani, nayo hayapokei kitabu kinachozidi milimita 140 kwa 200, kwa hiyo sikuwa na hiari ya kutumia A5, ambayo ni 148 kwa 210. Katika Microsoft Word nilifungua mpangilio wa ukurasa, nikaenda kwenye saizi, nikateremka hadi mstari wa mwisho unaoruhusu kuandika vipimo vyako mwenyewe, nikaandika upana wa sentimita 14 na kimo cha sentimita 20, pambizo milimita 18 kila upande. Kwenye kipakatalishi changu kila kitu kilikaa barabara.

Kazi ikaenda kwa duka moja la uchapaji upande wa River Road. Vitabu vimerudi vikiwa na kimo na upana sahihi, tena vinaingia kwenye majalada bila shida, lakini maandishi yenyewe yamesinyaa na pambizo zimenenepa pande zote. Mstari mmoja wa kiitikio ambao kwangu nyumbani una milimita 100, kitabuni una milimita 94. Huenda mtu akaona kwamba milimita sita si kitu, lakini wazee wetu wa besi wanasoma kwa miwani chini ya taa hafifu, na Jumapili iliyopita nusu yao waliimba ubeti wa pili wakati wengine wako wa tatu. Swali langu: ni nani aliyepunguza?

2. Fundi_wa_Saiba

Pole sana. Kabla hujamlaumu mtu, fahamu kwamba Word haijui karatasi yenyewe, inaiuliza printa. Orodha ya saizi unayoiona pale kwenye mpangilio hutolewa na draiva, yaani programu inayoiendesha printa, ya printa iliyowekwa kuwa ya kawaida kwenye tarakilishi hiyo, ndiyo maana ukibadilisha printa utaona majina mengine yanatoweka na mengine yanazuka. Wewe uliandika 14 kwa 20, faili ikakumbuka hizo namba, lakini ilipofika River Road ikakutana na draiva isiyoijua saizi hiyo. Draiva nyingi zikikutana na saizi ngeni hutafuta ile iliyo karibu nayo, kisha huyabana maandishi yaingie humo. Hapa saiba kwangu, duka la tarakilishi na intaneti, nilipambana na jambo hili kwa miezi, hasa kwenye kadi za harusi za inchi 5 kwa 7.

Dawa yake iko ndani ya Windows yenyewe, si ndani ya Word. Unaingia kwenye orodha ya printa, unafungua sifa za seva ya uchapishaji, unaunda fomu mpya, unaipa jina na vipimo. Baada ya hapo saizi yako hutokea kwa jina lake kwenye orodha, mradi printa yenyewe inaiweza. Sharti uwe na ruhusa ya msimamizi wa tarakilishi, la sivyo sehemu hiyo haitakufungukia.

3. Tena_wa_Pili

Wazee wa besi walikuwa wakikosea ubeti hata kabla ya Word kubuniwa. Endeleeni.

4. Kipima_Milimita

Ndugu Mhariri, umetupa namba nzuri, nami nitaishika hiyo. 94 kwa 100 si namba ya kubahatisha. Mashine nyingi za ofisini haziwezi kuchapa hadi ukingoni. Huacha utepe wa milimita 4 hadi 6 kila upande ambao wino haufiki. Sasa chukulia kwamba mchapaji alikata karatasi kwanza ziwe milimita 280 kwa 200, yaani kurasa zako mbili ubavu kwa ubavu, akazitia kwenye trei, kisha wakati wa kuchapa PDF akaacha lile chaguo la kutosheleza ukurasa kwenye karatasi badala ya saizi halisi. Kimo kinachobaki cha kuchapika, ukitoa milimita 6 juu na 6 chini, ni 188. Gawanya 188 kwa 200: unapata 0.94 kamili. Upana una nafasi zaidi, lakini programu hufuata upande ulio mgumu. Kwangu mimi kesi imekwisha, na draiva ya ndugu Fundi haina hatia.

5. Bi_Karani

Kipima_Milimita, hesabu yako ni nzuri, ila kuna nyingine inayotoa jibu hilo hilo. Karatasi ya Wamarekani, ile ya Letter, ina inchi 8.5 kwa 11, sawa na milimita 215.9 kwa 279.4. A4 yetu ni 210 kwa 297. Gawanya 279.4 kwa 297: unapata 0.94 vilevile.

Katika ofisi niliyofanya kazi miaka kumi, hili ndilo lililokuwa likitusumbua karibu kila wiki. Tarakilishi ikija na mipangilio ya eneo la Marekani, hati mpya za Word hufunguka zikiwa za Letter bila mtu kujua, na printa nayo hudhani kwamba trei yake ina Letter ilhali sisi tumetia A4. Ndani ya Word, chini ya chaguo za ziada kwenye sehemu ya uchapishaji, kuna kisanduku kinachoruhusu programu kurekebisha yenyewe hati za A4 na Letter ili zilingane na karatasi ya nchi, nacho huja kikiwa kimetiwa alama. Basi mchapaji akipanga kurasa mbili kwenye A4 ya mlalo, mashine ikaamini kwamba ina Letter, ule urefu wa 297 unabanwa uwe 279.4 na kila kilichomo kinapungua kwa asilimia 6. Kisha anakata. Kitabu kinakuwa na kipimo sahihi na maandishi yaliyosinyaa, pambizo nene pande zote, kama alivyoeleza mleta uzi.

6. Mhariri_wa_Kwaya

Asanteni. Kusema kweli mmenichanganya kwa njia nzuri. Nimesahau kutaja mambo mawili. Kwanza, mchapaji aliponipigia simu siku ya kwanza alisema kwamba faili ya Word imefunguka kwake ikiwa na kurasa 67, si 64. Pili, kwa sababu hiyo nilimwomba mpwa wangu aigeuze kuwa PDF kwenye saiba moja karibu na anakoishi, Umoja, akaituma kwa WhatsApp. Sikusimama hapo dukani wakati wa kuchapa.

7. Mwalimu_Eastlands

Hapo kwenye kurasa 67 ndipo penye siri, na nashangaa wenzangu wamepapita. Kurasa zikiongezeka mtu akifungua faili kwenye mashine nyingine, mara nyingi ni kwa sababu fonti uliyotumia haipo kule, na Word imeweka nyingine iliyo pana zaidi. Sasa jiweke mahali pa kijana wa dukani: ameambiwa kurasa 64, anaona 67, na kijitabu cha kupiga pini katikati lazima kiwe na kurasa zinazogawanyika kwa nne. 64 inahitaji karatasi 16, lakini 67 inakulazimisha kwenda 68 na karatasi ya 17. Afanyeje? Anachagua maandishi yote, anapunguza fonti kutoka 12 hadi 11 na nusu au 11, kurasa zinarudi 64, anachapa, anakula chai.

Mkumbuke pia kwamba mistari ya nyimbo haijai ukurasa. Urefu wa mstari wa kiitikio unategemea ukubwa wa fonti, si upana wa ukurasa. 11.5 kwa 12 ni asilimia 95.8, na 11 kwa 12 ni asilimia 91.7. Rula ya shule ikisoma 94 iko katikati ya hizo mbili, na mimi ninazijua rula za shule.

8. Kipima_Milimita

Mwalimu, umenipata, nakubali. Ndugu Mhariri, je, kuna kitu chochote ukurasani kinachotoka pambizo hadi pambizo, mfano mstari uliochorwa au jedwali? Hicho hakibadiliki fonti ikipunguzwa.

9. Mhariri_wa_Kwaya

Upo. Chini ya jina la kwaya, kwenye kichwa cha kila ukurasa, kuna mstari mwembamba unaotoka pambizo moja hadi nyingine. Kwa vipimo vyangu ulipaswa kuwa 140 ukiondoa 36, yaani milimita 104. Nimepima kurasa tano kwa rula ya chuma ya jirani yangu fundi seremala: 98, 98, 97.5, 98, 98.

10. Kipima_Milimita

98 kwa 104 ni 0.942. Fonti haijapunguzwa, ukurasa mzima ndio uliobanwa. Pole, Mwalimu.

11. Mwalimu_Eastlands

Nimepokea. Hata hivyo kurasa 67 bado hazijaelezwa.

12. Mpiga_Chapa_Mstaafu

Nimefanya kazi ya mashine tangu enzi za kupanga herufi za risasi, na ninaona mnamhukumu mchapaji kabla hajasikilizwa. Hebu nieleze namna kazi hii inavyokwenda.

Kijitabu cha kurasa 64 kilichopigwa pini kwenye mkunjo kina karatasi 16 zilizoingizwa moja ndani ya nyingine. Karatasi ya gramu 80 ina unene wa karibu sehemu moja ya kumi ya milimita. Ukizikunja 16 pamoja, zile za ndani husukumwa nje na zile zinazozizunguka, hadi ile ya katikati kabisa inachomoza kwa milimita moja na nusu hivi. Mchapaji anayejua kazi hupiga pini kwanza, kisha hukata ukingo wa mbele kwa gilotini ili uwe laini. Matokeo yake ni kwamba kurasa za katikati ya kitabu zina pambizo nyembamba ya nje kuliko za mwanzoni. Mwenye kitabu akipima ukurasa wa 3 na ukurasa wa 32 atapata majibu mawili na atadhani kwamba programu imemchezea.

Naomba nimuulize bwana Mhariri: shika kitabu kikiwa kimefungwa, kitazame ukingo wa mbele. Ni laini kama ubao au unachongoka kama ncha ya mtumbwi?

13. Mhariri_wa_Kwaya

Unachongoka, mzee. Za katikati zimetokeza.

14. Mpiga_Chapa_Mstaafu

Basi walikata karatasi zikiwa bapa, kabla ya kukunja. Hiyo si kazi, ni haraka. Ila haikwambii kama walikata kabla ya kuchapa au baada ya kuchapa, na hapo ndipo Kipima_Milimita na Bi Karani wanapogombana.

Nitaongeza jambo moja kwa wote wanaopanga vitabu. Hata ukiwa na saizi yako maalum, usimpelekee mchapaji faili ya Word. Mpelekee PDF, umwandikie kwa kalamu kwenye bahasha: ukubwa kamili, usipunguze, usitosheleze.

15. Mama_Taipureta

Wanangu, mnanikumbusha mbali. Tulipokuwa tukipiga taipu kwenye ofisi za serikali, karatasi ilikuwa fulskepu, inchi 8 kwa 13, karibu milimita 203 kwa 330. Jina lenyewe lilitokana na alama ya maji ya kofia ya mchekeshaji yenye kengele, iliyotiwa kwenye karatasi za Uingereza zamani. A4 ilipoingia, makabati ya mafaili yakabaki marefu na karatasi zikawa fupi, na fulskepu ikabaki kuwa jina tu. Leo mtoto wa shule akiambiwa alete fulskepu huleta karatasi ya mistari ya A4 na hakuna anayemkosoa.

Nalisema hili kwa sababu: kwenye orodha za printa bado utaona fulskepu au folio, na utaona pia B5 mbili tofauti, moja ya kimataifa ya milimita 176 kwa 250, nyingine ya Kijapani ya 182 kwa 257. Mtu akibofya jina kwa kuamini jina, amekwisha kosea. Andika namba.

16. Kipima_Milimita

Asante Mama. Na uzuri wa A4 ni kwamba haina siri ya kofia. Walter Porstmann aliipendekeza Ujerumani, ikawa kanuni ya DIN 476 mwaka 1922, na tangu 1975 ni kanuni ya kimataifa, ISO 216. A0 ina eneo la mita moja ya mraba, ukiikunja mara nne unapata A4, na uwiano wa pande haubadiliki kwa sababu kimo ni upana mara kipeuo cha pili cha 2. Ndiyo maana fotokopi zote za mjini zina vitufe vya asilimia 141 na 71: A4 kwenda A3 na kurudi. Mtu akichagua 14 kwa 20 anatoka nje ya familia hiyo, na kila mashine anayokutana nayo itajaribu kumrudisha nyumbani.

17. Mwanachuo_wa_Rongai

Samahani kwa kudandia uzi. Mimi nina shida ya upande wa pili: nataka bango la A2 la harambee, Word inakataa kabisa namba ninazoandika. Nimejaribu milimita na inchi.

18. Fundi_wa_Saiba

Itakataa hadi kesho. Mwisho wa Word ni inchi 22 kila upande, yaani sentimita 55.88. A2 ni sentimita 42 kwa 59.4, kwa hiyo upande mmoja unazidi kwa sentimita tatu na kitu. Tengeneza bango kwenye A4, litoe kuwa PDF, umwambie mchapaji alikuze kwa asilimia 200. Maandishi hayatapoteza ukali, ila picha ziwe kubwa tangu mwanzo.

19. Mwanachuo_wa_Rongai

Asante sana, umeniokoa.

20. Huru_na_Wazi

Ningependa kutetea LibreOffice Writer hapa, maana naona hakuna aliyeitaja. Kule saizi ya ukurasa ni sehemu ya mtindo wa ukurasa. Unafungua mtindo, unachagua umbo la mtumiaji, unaandika 14 na 20, na kila ukurasa wenye mtindo huo unatii. Ukitaka ukurasa mmoja uwe wa mlalo kwa ajili ya jedwali, unaupa mtindo mwingine. Word inakuruhusu kuandika vipimo, lakini haikupi mahali pa kuvihifadhi kwa jina. Hati mpya inaanza upya, isipokuwa umeweka kiolezo. Tena Writer ina chaguo la kuchapa kijitabu ambalo hupanga kurasa lenyewe, ya 64 ikae kando ya ya 1, ya 2 kando ya 63.

21. Bi_Karani

Ni kweli, ila kijana wa River Road akipelekewa faili ya Writer ataifungua kwa Word, na tutarudi kwenye kurasa 67. Kiolezo, kwa anayetaka, ni kuhifadhi hati tupu yenye vipimo vyako kama kiolezo cha Word, na kuanza kazi kutoka hapo. Asibonyeze kile kitufe cha kuweka kuwa chaguo-msingi. Mwenzangu ofisini alikibonyeza siku alipotengeneza bahasha, na kwa wiki mbili kila barua aliyoifungua ilikuwa na umbo la bahasha.

22. Fundi_wa_Saiba

Ndugu Mhariri, nina shaka nyingine. Pale ulipoandika 14 na 20, chini ya dirisha kuna mahali panapouliza vipimo vitumike kwenye hati nzima, sehemu hii tu au kuanzia hapa kwenda mbele. Kama hati yako ina vikomo vya sehemu, huenda vipimo havilingani kote. Kuna njia ya kuona bila kubahatisha. Faili ya docx ni kifurushi kilichobanwa: fanya nakala, badilisha kiambishi cha mwisho kiwe zip, fungua, ingia folda ya word, tazama faili ya document.xml na utafute pgSz. Vipimo vimeandikwa kwa sehemu ya 1,440 ya inchi. A4 ni 11906 kwa 16838. Yako inapaswa kuwa 7937 kwa 11339.

23. Mhariri_wa_Kwaya

Nimechukua saa nzima, lakini nimeipata. Sehemu ni tatu. Ya kwanza na ya pili zina 7937 na 11339. Ya tatu, inayoanza nyimbo za Krismasi, ina 7920 na 11340. Je, ndiyo mwizi?

24. Kipima_Milimita

7920 ni inchi 5 na nusu kamili, yaani milimita 139.7. Mtu aliandika kwa inchi. Ni nani?

25. Mhariri_wa_Kwaya

Mpwa wangu. Ndiye aliyenisaidia kupiga taipu nyimbo za Krismasi, na kipakatalishi chake kinasoma inchi.

26. Tena_wa_Pili

Mpwa tena. Mpwa wa Umoja, mpwa wa PDF, mpwa wa inchi. Kwenye mazoezi ya Alhamisi yeye pia ndiye huja na ufunguo usiofungua mlango.

27. Fundi_wa_Saiba

Tofauti ya milimita 0.3 haiwezi kupunguza maandishi kwa asilimia 6. Hata hivyo inaweza kufanya printa iamini kwamba kuna karatasi za aina mbili kwenye kazi moja, isimame katikati na kudai nyingine. Kijana aliyechoka, akiona mashine inasimama kila mara, hubonyeza tosheleza ili yaishe. Kwa hiyo sikatai kabisa kwamba chanzo kilianzia hapo.

28. Bi_Karani

Na ile PDF ya WhatsApp bado ipo? Ifungue, nenda kwenye sifa za hati, soma saizi ya ukurasa. Kuna tofauti kubwa kati ya kuhifadhi kama PDF na kuchapa kwenye printa ya PDF. Ya kwanza hulinda saizi uliyoweka. Ya pili hupita kwenye orodha ya karatasi kama printa nyingine yoyote.

29. Mhariri_wa_Kwaya

Ipo. Inasema milimita 140 kwa 200, kurasa 64, na mstari wa kichwani ukiupima kwa kile kifaa cha kupimia cha programu ni 104. Kwa hiyo PDF haina kosa, na mpwa wangu naomba aachwe apumue. Kesho nitapita River Road nikitoka kazini.

30. Msomaji_Kimya

Kwa nini hakuna anayeuliza kama karatasi yenyewe imesinyaa? Printa ya leza hutumia joto kali, na karatasi ikikauka hupungua.

31. Mpiga_Chapa_Mstaafu

Hupungua, ndugu yangu, lakini kwa kiasi ambacho hutakiona kwa rula. Karatasi ikipungua kwa asilimia 6 hiyo ni sambusa.

32. Mhariri_wa_Kwaya

Nimerudi kutoka River Road, na nimelowa maana mvua ilinikuta Tom Mboya. Taarifa yangu ni hii.

Kijana aliyechapa hayupo, amekwenda nyumbani Kisii kwa mazishi. Mwenye duka anasema kwamba wao hawakutumia PDF bali faili ya Word. Mfanyakazi mwingine anasema walitumia PDF. Nilipouliza kama karatasi zilikatwa kabla au baada ya kuchapa, mwenye duka aliniambia kwamba zilikatwa vizuri.

Mabaki ya kukata huchukuliwa kila jioni na mama anayeuza chai kona ile, huwashia jiko. Hata hivyo, ndani ya katoni iliyoleta vitabu kulikuwa na karatasi moja iliyoharibika, imechapwa upande mmoja tu na wino umepaka, waliitumia kufunikia juu. Nimeipima. Ina milimita 280 kwa 200.

33. Kipima_Milimita

Imekwisha! Karatasi iliyoharibika ilikuwa tayari 280 kwa 200. Nani angekata karatasi iliyoharibika? Walikata kwanza, wakachapa baadaye, na chaguo la kutosheleza likapunguza.

34. Bi_Karani

Pole pole. Umewahi kusimama karibu na gilotini? Hawakati moja moja. Wanaweka rundo zima, wanabana, wanashusha kisu. Karatasi mbovu ikiwa katikati ya rundo inakatwa pamoja na nzima, na mtu huigundua wakati wa kukunja. Tena mzee ametuambia kwamba walikata zikiwa bapa.

35. Mpiga_Chapa_Mstaafu

Bi Karani anasema kweli kuhusu rundo. Ila na mimi nimeona maduka yanayokata kwanza kwa sababu trei yao ya mkono inapokea saizi yoyote. Kwa karatasi 1,920 lakini, kulisha trei ya mkono ni adhabu.

36. Kipima_Milimita

1,920?

37. Mpiga_Chapa_Mstaafu

16 mara 120. Karibu rimu nne. Ulipokuwa ukigawanya 188 kwa 200 hukujumlisha hiyo.

38. Mwalimu_Eastlands

Na kama mwenye duka alisema kweli kwamba walitumia Word, zile kurasa 67 zilikwenda wapi?

39. Mhariri_wa_Kwaya

Leo Jumamosi nimefanya jambo ambalo ningelifanya mwanzoni. Nimetengeneza ukurasa mmoja wa 14 kwa 20, nikachora ndani yake mstari wa milimita 100 kwenda kulia na mwingine wa 100 kwenda chini, nikahifadhi kama PDF, nikaipeleka duka lile lile, mashine ile ile. Niliomba wachape bila kubadilisha chochote na kama walivyofanya siku ile. Nimepima nikiwa nimesimama pale kaunta kwa rula ya chuma: 100 kulia, 100 chini. Mwenye duka akanitazama kama mtu aliyekuja kumpotezea wakati. Wameahidi kurudia vitabu 40 vya sauti ya besi kwa nusu bei.

40. Bi_Karani

Vizuri. Trei ilikuwa imewekwa A4 au Letter? Na karatasi waliyotia ilikuwa nzima au iliyokatwa?

41. Mhariri_wa_Kwaya

Nilikuwa natazama rula.